Paa Lililorudi Mara Tatu

Mkinikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya gereji, msidhani sina kazi. Kazi yangu siku hizi ni kuwakaripia. Mikono imekataa nyundo, mgongo umekataa kuingia chini ya gari, lakini mdomo bado mzima. Basi zimeni hiyo grainda kidogo, mnisikilize, maana jana nimemwona mmoja wenu akifanya jambo ambalo zamani lilimrudisha mtu shimoni, nusura akafie humo. Jina simtaji. Anajijua, na ameshaanza kuangalia chini.

Nimenyoosha bodi za magari hapa Busia, upande wetu wa Uganda, tangu nikiwa sina ndevu. Nimenyoosha malori yaliyogongana kwenye foleni ya forodha, madereva wakiwa wamelala usingizi. Nimenyoosha pikapu ya paroko iliyokaliwa na ng'ombe kule Dabani. Ndiyo, iliyokaliwa, msicheke, ng'ombe alipanda kwenye kifuniko cha injini kufuata majani ya ndizi, na paroko akawa ndani anapiga honi na kusali kwa pamoja. Hayo yote yalikuwa kazi tu. Gari lililonifundisha ufundi, nilipokuwa tayari nadhani nimehitimu, lilikuwa kagari kamoja kekundu ka mbio, ka milango miwili, kazee, kalikoletwa na Othieno wa Kiyeyi.

Othieno alikuwa mchimba dhahabu Tiira. Alikaa miaka mingi kwenye yale mashimo, anashuka kwa kamba asubuhi na kupanda jioni, na siku moja bahati ikamwangukia. Wenzake waliopata kama yeye walinunua ng'ombe, wengine kiwanja, na mmoja aliinunua baa nzima ikanywewa wiki moja. Othieno akanunua gari la mbio lililochoka. Watu wakasema huyu amerogwa. Lakini jamaa alikuwa amepiga hesabu zake. Gari lile lilikuwa na viti viwili mbele na kibenchi nyuma, na paa lake la kati lilikuwa paneli ya kutoa. Unafungua vifungo vinne, unainua, unaiweka kwenye buti, na maharusi wanaonekana na dunia yote. Kutoka Busia mpaka Tororo, nani mwingine alikuwa na gari la namna hiyo? Kila Jumamosi lilikuwa na harusi.

Na alikuwa na sababu nyingine, ndiyo kubwa. Kifua chake kilikuwa kimeharibika. Daktari alimwambia vumbi la mawe limejaa humo, na akirudi shimoni asitegemee kuzeeka. Mkewe Akoth, yule mama anayekaanga chapati na mandazi pale malori yanaposimama, alimwapisha mbele ya watoto kwamba hatashuka tena. Akaapa. Kwa hiyo gari lile halikuwa la maringo. Likibeba harusi, Othieno anabaki juu. Lisipobeba, anarudi chini.

Siku ya kwanza alikuja anacheka.

"Mzee Egesa, hii gari inalia."

"Inalia wapi?"

"Kwa paa. Ukifika tu sitini inaanza, kwi kwi kwi, kama panya."

Nikaangalia. Rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa mbele wa paneli. Na mimi nifanye nini, fundi mkubwa? Nikakwangua, nikapaka puti, nikapiga rangi, nikang'arisha mpaka ukijiangalia unajiona ndevu. Aliondoka ananishukuru. Nawaambia kweli, nikiikumbuka kazi ile naona aibu mpaka masikioni. Kupaka puti juu ya ufa usiojua umetoka wapi ni kumpaka mgonjwa poda.

Mzee Wandera aliyenifundisha, Mungu amrehemu, asingefanya hivyo. Yeye alikuwa na gereji ng'ambo, upande wa Kenya, enzi zile tunavuka mpaka kwa kusalimiana tu. Alikuwa anafumba macho na kugonga bodi kwa sarafu, pole pole, kama mtu anabisha hodi kwa jirani mgonjwa. "Sikiza," anasema. "Hapa imeshikana. Hapa imeshikana. Hapa, aa-aa, hapa kuna mtu amehama." Palipo na utupu sarafu inalia tofauti. Jifunzeni hilo, halihitaji umeme. Alikuwa pia na sheria moja aliyotupigia kelele kila siku: kabla hujapaka kitu chochote, osha kwa petroli. Rangi, osha kwa petroli. Puti, osha kwa petroli. Ukimwuliza swali kabla ya kuosha, anakwambia, "Osha kwanza, ndio uongee na mimi." Siku moja mkewe alimletea chakula, akamwambia aoshe mikono, na yule mzee akachovya mikono kwenye kopo la petroli na kukaa kula ugali. Tulicheka mpaka tukatoka nje.

Sheria hiyo niliibeba miaka yote, na nikawafundisha ninyi.

Mwezi haujaisha, Othieno akarudi. Safari hii hakucheka sana. Mvua iliwakuta njiani, maji yakaingia kwenye ukingo uleule na kumwagikia bibi harusi kichwani, nywele zilizosukwa siku nzima. Nikatoa sarafu, nikagonga, nikasikia. Kumbe! Paneli yenyewe si kitu kimoja. Juu kuna ngozi ya faiba, chini kuna fremu inayobeba vifungo, na katikati vimeunganishwa kwa gundi. Gundi ilikuwa imeachia mbele yote. Gari likikimbia, upepo unaiinua ngozi, inacheza, ndio yule panya.

Nikajiambia, sasa nimekupata. Nikatenganisha sehemu iliyolegea, nikaosha kwa petroli vizuri kabisa, mara mbili, kama nilivyofundishwa, nikatia gundi mpya, nikalaza paneli kwenye meza na kuikandamiza na mifuko ya saruji. Baada ya siku mbili ilikuwa imara. Nikampa.

Ikashika kwa muda. Halafu jua la Januari likaja, na panya akarudi.

Mara ya tatu nilitukana. Nilitukana gundi. Hapa kwetu kulaumu gundi ni desturi, mnajua. Sisi wa huku tunasema gundi ya Kenya ni feki, wao wa ng'ambo wanasema jua la Uganda ni kali kupita kiasi, na bampa zinaendelea kuanguka pande zote mbili. Nikanunua gundi ya bei mbaya, nikaosha kwa petroli mara tatu safari hii, nikapaka nyingi, halafu nikaongeza na ribiti kumi na mbili kwenye ukingo. Nilitoboa faiba, vijana! Kila tundu ni mwanzo wa ufa, na mimi niliitoboa mara kumi na mbili kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikamwambia Othieno maneno ambayo fundi hapaswi kuyasema. "Nenda. Hili halirudi tena."

Paneli ikaruka kwenye barabara ya Tororo, na maharusi wakiwa ndani. Othieno alikuwa amelifunga paa kwa sababu ya mawingu. Alinisimulia alisikia pwaa, kisha mwanga, kisha shela la bibi harusi likatoka kufuata paa kama linaitwa. Ngozi ya faiba ilipaa juu, ikageuka, na kuangukia kando ya lami, hatua chache tu kutoka kwa bodaboda iliyompakia mama na mtoto mgongoni. Hatua chache tu. Yule mama alishuka, akaiangalia ile ngozi nyekundu, akaangalia mbingu, akafanya ishara ya msalaba na kupanda tena.

Habari ya harusi haifichiki. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyempigia simu, wala iliyofuata. Othieno akaja na gari, na vipande vya paa vimefungwa kwa kanga ya mkewe. Nilitegemea anifokee, nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Akaweka funguo mezani.

"Mzee, si wewe," akasema. "Gari ni zee tu. Imechoka kama mimi."

Afadhali angenipiga.

Siku nne baadaye Akoth akasimama pale mlangoni, beseni ya chapati kichwani, unga mpaka kwenye nyusi. "Amerudi Tiira," akasema. "Ameondoka asubuhi nikiwa kwa kazi. Amechukua tochi yake." Akashusha beseni, akakaa juu ya tairi, akalia. Mimi si mtu wa machozi, lakini siku hiyo nilijifanya natafuta spana kwenye boksi kwa muda mrefu.

Hapo ndipo ukaidi uliponishika. Wenzangu walikuwa na ushauri mwingi. Mmoja akasema tuchomelee bati, tumalize maneno. Nani atapanda harusi chini ya bati? Mwingine akasema agiza paneli kutoka nchi za nje. Magari ya aina ile yaliacha kutengenezwa zamani, paneli yake ungeipata wapi, na ingefika lini, Othieno akiwa tayari anavuta vumbi? Nikasema hapana. Paa hili nimeliharibu hapa, litaponea hapa. Nikaacha kazi zote. Lori la watu likakaa nje wiki mbili nzima, mwenye lori akanipigia makelele, nikamwambia apige foleni nyuma ya paa.

Nilianza kwa kunyamaza, jambo ambalo kwangu ni gumu. Nikachukua vipande vya gundi vilivyobanduka, nikavikagua kimoja kimoja. Gundi ilikuwa nzima, ngumu kama kucha, haikukatika popote. Ilikuwa imebanduka yote, laini, kama ganda la yai lililochemshwa. Maana yake haikushindwa kushika, ilikuwa haijawahi kushika. Nikakata vipande vidogo vya faiba kutoka bampa kuukuu, nikavipiga msasa, nikaunganisha viwili viwili. Vingine niliviosha kwa petroli, vingine kwa sabuni na maji ya moto, vingine kwa spiriti safi, vingine sikuviosha kabisa. Nikavining'iniza juani kwenye waya, kila kimoja kimefungiwa jiwe.

Kufika alasiri ya siku ya pili, vilivyooshwa kwa petroli vilikuwa chini. Vyote! Hata vile vya uchafu vilikuwa bado juu vinanicheka.

Nilisimama pale nikimwona Mzee Wandera na kopo lake. Sikutaka kuamini. Nikamimina petroli kidogo kwenye kioo cha mbele cha gari lilelile jekundu, nikaiacha ikauke. Petroli inakauka haraka, mnajua, haibakizi kitu. Hii ilibakiza. Ukigusa, kidole kinateleza.

Akoth alikuwa anapita kuuliza kama kuna habari. Nikamwita. "Mama, hebu njoo ushike hapa."

Akashika. Akasugua vidole, akanusa. Mikono ya mama yule imekaa kwenye mafuta miaka yote, haidanganyiki.

"Hii si petroli," akasema. "Hii ni mafuta yangu."

"Mafuta yako gani?"

"Ya kukaanga! Mzee, hamjui nyinyi? Madumu yangu ya njano yakiisha mafuta, nawauzia wale vijana wa petroli. Ndiyo wanavushia petroli ya magendo mpakani. Kila wiki wanachukua."

Tukaangaliana. Mimi nilikuwa nanunua petroli kwa vijana haohao, kwa lita, kwenye madumu hayohayo, miaka yote. Mzee Wandera alichota yake kwenye pampu, tena alikuwa anaosha mabati na kupiga rangi, hakuwahi kugusa faiba wala gundi hii. Mimi nikachukua sheria yake, nikaacha kuangalia kopo. Nilikuwa naosha paa la Othieno kwa mafuta ya chapati za mkewe, na nilipotaka kulitendea wema zaidi, nikaliosha mara tatu.

Akoth alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu kicheko kikakatika, akasema, "Kwa hiyo ni madumu yangu yamemrudisha kule?"

"Hapana," nikamwambia. "Wewe uliuza dumu. Fundi ni mimi."

Sasa sogeeni, hasa wewe niliyekuona jana na kopo la petroli, hapa ndipo penye kazi. Nilirudishia ngozi iliyovunjika kwa matabaka ya faiba kwa ndani, nikaziba matundu yangu yote kumi na mawili. Nikatenganisha paneli nzima, si sehemu iliyolegea tu, maana gundi ya kale iliyobaki ni mwongo anayesubiri zamu. Nikakwangua mpaka chini, nikapiga msasa mkavu. Nikafuta kwa spiriti na kitambaa cheupe, nikatupa kitambaa, nikachukua kingine, mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Baada ya hapo hakuna mkono kugusa. Hata mkono safi una jasho. Nikachanganya gundi kwa kipimo, si kwa jicho. Na sikuilaza tena mezani. Meza imenyooka, paa la gari lina mgongo wake, ukilikandamiza mezani linakauka likiwa limejipinda, na kila ukilifunga kwenye gari linavutana na gundi. Nililifunga palepale juu ya gari, vifungo vyote vinne, nikaweka mifuko midogo ya mchanga kufuata umbo, nikaliacha siku tano kivulini. Siku tano! Ninyi hamuwezi kusubiri chai ipoe.

Kisha nikalisukuma juani, likachomwa na jua siku tatu kamili. Nikalimwagia maji ya baridi likiwa la moto. Nikagonga kwa sarafu kona kwa kona, macho nimefumba. Kote palikuwa na mtu.

Siku ya nne nikaingia kwenye gari. Akoth akafunga kibanda chake, akaja kukaa kando yangu, rozari mkononi.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nakwenda kusikia panya."

Tukashika barabara ya Tororo. Sitini, kimya. Themanini, kimya. Nikakanyaga mpaka mia na kitu, gari linatetemeka kote isipokuwa juu, na Akoth ameweka kiganja chake kwenye paa, anasali kwa sauti, sijui anaombea paa au anaombea uhai wake na uendeshaji wangu. Lori likapita na kutupiga na upepo wake wote. Kimya. Nikapunguza, nikasimama kando.

"Geuza," Akoth akasema. "Twende Tiira sasa hivi."

Tukaingia njia ya vumbi kwa kagari ka mbio, tumbo linakwaruza chini, watoto wanakimbia nyuma wakidhani ni harusi. Kwenye mashimo watu waliacha kuponda mawe wakatuangalia. Mmoja aliyekuwa ameshika kamba akatuonyesha shimo kwa kidevu. "Othieno yuko chini."

Nikapiga magoti, nikainama. Giza, na harufu ya udongo wa maji.

"Othieno! Ni mimi Egesa!"

Sauti ikapanda kutoka mbali. "Mzee? Paa imeanguka tena?"

"Limeshika!" Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea. Wachimbaji wamenizunguka, na mimi nimepiga kelele shimoni kama mwendawazimu. "Gari halikuwa zee! Ilikuwa ni mimi! Mimi nilikuwa napaka gundi juu ya mafuta ya chapati! Unasikia? Kosa ni langu! Panda!"

Watu wakaangua kicheko. Kutoka chini kilikuja kikohozi. Kirefu. Kikakatika, kikaanza tena, na watu wakaacha kucheka mmoja mmoja mpaka tukabaki tunakisikiliza kile kikohozi peke yake. Akoth akanisukuma kando, akainama mwenyewe, akasema na mumewe kwa Dhopadhola, lugha yao, taratibu, bila kupaza sauti. Niliyoyaelewa si yangu kuwasimulia.

Kamba ikatikisika. Wanaume wawili wakavuta.

Alitoka tope tupu, kutoka nywele mpaka kucha za miguu, macho tu ndiyo meupe. Akaenda mpaka kwenye gari, akaweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa mbele wa paa, akasukuma juu kwa nguvu zake zote, akasukuma tena. Kisha akavua tochi kichwani, akampa kijana aliyekuwa anasubiri zamu, akafungua mlango na kuketi na tope lake lote kwenye viti vyeupe vya maharusi. Akoth huvisugua viti vile kwa mswaki kila Ijumaa, na mtoto akivipanda na viatu anachapwa. Siku hiyo alimfungia mlango taratibu, akazunguka upande wangu, akapenya nyuma na kukaa kwenye kibenchi.